Bangili za Mavyaa

Rishton, tarehe 2 Aprili

Kwa dada yangu mpenzi Nasiba,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na watoto wote. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, magoti yamepunguza kukusumbua, na lile banda la ng'ombe limeezekwa kabla mvua hazijakolea. Mimi ni mzima. Tumbo limeanza kuonekana, na nguo zote nilizokuja nazo kwenye ndoa zinanibana kiunoni. Mavyaa naye yupo, anakula, analala, anasali kwa kukaa.

Ujumbe wako niliupata. Umesema mama alilia kwa furaha aliposikia watu wa Rishton wanavyonisifu, kwamba mke wa Elyor amemlea mama mkwe wake mgonjwa kuliko binti wa kumzaa. Umesema mpaka huko Jizzakh akina mama wanawatajia binti zao jina langu. Nilisoma maneno hayo nikaona aibu, kisha nikacheka peke yangu jikoni. Sitaki wewe uwe miongoni mwa wanaonisifu. Wengine waendelee tu, hainidhuru.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu hii imeunganishwa na ya Elyor, na kila ninachoandika humo anakisoma kule kazini kwake Kazan kabla hakijakufikia. Barua inakuja na jirani yako aliyefika kununua sahani. Ukimaliza kuisoma, uitie kwenye tanuri.

Unakumbuka mavyaa alipigwa na kiharusi katikati ya Oktoba, akiwa anamkaripia muuza maziwa. Mkono wa kulia ukalala kabisa. Mguu ulirudi baada ya wiki mbili. Mdomo haukupata hata mkwaruzo. Elyor akaomba ruhusa kwenye kazi yake ya kupiga lipu, akaja kukaa nasi mwezi mzima, na siku mama yake alipotolewa hospitali tukaitwa wote wawili kwa Daktari Ulmas.

Huyu Ulmas ni kijana mpole, anaongea taratibu hadi unataka kumsukuma. Alitupa bangili mbili za mpira mweusi, moja ya kila mkono. Ndani zina vihisi. Zinahesabu kila mara mkono unapojongea, zinalinganisha wa kulia na wa kushoto, zinapima mapigo ya moyo usiku na mchana, kisha zinapeleka habari zote kwenye simu, na simu inazifikisha hospitali. Elyor naye alifunguliwa njia ya kuziona akiwa Kazan. Daktari akatuambia, na nilimsikia vizuri, kwamba miezi mitatu ya kwanza ndiyo kila kitu. Mgonjwa akifanya mazoezi kila siku, ubongo unatafuta njia mpya ya kuufikia mkono. Miezi hiyo ikipita bure, njia haipatikani tena. Akaongeza kwamba hesabu zisipopanda atamlaza mavyaa siku arobaini kwenye wodi ya mazoezi. Katika maneno yote hayo mavyaa alibeba hilo la mwisho tu, kwa sababu baba mkwe alifia kwenye jengo hilohilo, na yeye alishaapa hatalala humo tena akiwa na akili zake.

Elyor alipokuwepo, mazoezi yalifanyika. Alimkalisha mama yake kwenye kitanda cha uani, akamwekea bakuli mbili, na mavyaa akawa anajaribu kuhamisha dengu moja moja kutoka bakuli hili kwenda lile. Alilia kwa maumivu, lakini alijaribu, na mwisho wa wiki ya pili kidole gumba kilikuwa kinakunjika. Tulikiona wote. Elyor akaondoka katikati ya Novemba akiwa na matumaini.

Asubuhi iliyofuata nikampelekea bakuli zake. Akazipiga kumbo kwa mkono wa kushoto, dengu zikatapakaa uani. Nikapiga magoti kuziokota. Ndipo aliponiambia maneno haya, ninayakumbuka yote.

"Miaka minne nakulisha bure. Kazi ya mikono kwenye nyumba hii ni ya nani, yangu au yako? Vaa wewe hayo madude, ufanye."

Nilidhani ananitania. Nikamweleza kwa heshima kwamba mkono unaotakiwa kupona ni wake. Akasema daktari anataka hesabu, basi atapewa hesabu, na tangu lini mwanamke mwenye mkaza mwana ndani ya nyumba akaokota dengu mwenyewe. Wewe unayajua haya, umeyapitia. Tunaamka kabla ya jua, tunafagia, tunachemsha chai, tunainama kusalimia. Mama mkwe anauvumilia ujana wake wote akingoja siku atakapokaa chini asiinue kitu. Mavyaa alinyanyaswa na mavyaa wake miaka kumi na tisa, naye siku yake ilikuwa imefika. Kwake mazoezi yalikuwa kazi, na kazi ilikuwa yangu. Nikazivaa bangili zote mbili, nikashusha mikono ya gauni.

Sasa nikuambie jambo la kuchekesha. Nilikuwa hodari. Siku za kwanza nilifanya kidogo tu, nikijua mgonjwa hawezi kupona kwa siku moja. Nikawa napandisha polepole, kama wauza nyama wanavyopandisha bei. Unga wa mikate ya nyumba nzima niliukanda kwa mkono wa kulia peke yake. Nikifagia ua nazivua na kuziweka kwenye chaji, maana Ulmas angejiuliza huyu bibi anacheza ngoma gani. Hesabu zikapanda vizuri mno. Daktari akapiga simu kumpongeza mavyaa. Elyor akapiga kumpongeza mavyaa. Mimi aliniambia nisilale lale, nimsaidie mama kwa sababu anapambana peke yake.

Na mavyaa alizipokea pongezi zote. Wanawake wa mtaani walipokuja kunywa chai aliwaeleza namna alivyoushinda ugonjwa kwa sala na moyo mgumu, mkono wenyewe ukiwa umelala chini ya shali. Desemba akaja muuguzi kutoka hospitali. Nikapata hofu kwamba mambo yameisha. Mavyaa akamwambia leo mkono umechoka, ameufanyisha mazoezi tangu alfajiri. Muuguzi akaangalia simu yake, akaona mstari unapanda, akaandika kwamba mgonjwa anaendelea vizuri sana. Aliiamini simu kuliko mkono uliolala mbele ya macho yake. Nilimpa chai na mkate, akaenda zake.

Katika miezi hiyo nilimwambia mavyaa mara moja, mwanzoni mwa Januari, kwamba muda unakwisha. Alinijibu kwamba mtu aliyeshindwa kuzaa asimfundishe yeye habari za mwili. Hilo neno la kushindwa kuzaa lilikuwa kifungua kinywa changu cha kila siku. Aliniita shamba la mawe mbele ya wageni. Akiona mtoto wa jirani anapita alimwita, akampa zabibu kavu, kisha akanitazama mimi. Sikumkumbusha tena habari ya muda.

Mwishoni mwa Januari Ulmas akapiga simu, safari hii bila pongezi. Alisema moyo wa mgonjwa umeanza kwenda mbio hata akiwa usingizini, tisini na kitu, na kwa mtu aliyepata kiharusi hilo ni hatari. Mavyaa alikuwa anameza nusu kidonge cha kutuliza mapigo kila asubuhi. Akasema kiwe kimoja. Baada ya siku nne mapigo hayajashuka, akasema viwe viwili, na nimpe mwenyewe kwa mkono wangu nisiache hata siku moja. Nikampa.

Mavyaa akaanza kupoa. Mikono ikawa baridi. Akawa anaongea kidogo, anasinzia akiwa ameshika kikombe. Tarehe 16 Februari, baada ya adhana ya adhuhuri, alisimama kutoka kwenye kitanda cha uani, akasema macho yanaingia giza, akateleza chini polepole kama shali inavyoteleza. Nikapiga kelele. Majirani wakaja, gari la wagonjwa likaja. Mle garini mhudumu alimshika mkono akahesabu mapigo, akapata thelathini na nane. Akaniuliza bangili ziko wapi. Zilikuwa kwenye mikono yangu, ndani ya koti. Nikamwambia nilizivua kumwosha, nikageuka kama ninayetafuta mkobani, nikazitoa, nikamvalisha mgonjwa.

Hospitali Daktari Ulmas alinionyesha mstari kwenye kioo cha mashine yake. Alikuwa anaugusa kwa kidole, sijui kwa huruma au kwa fahari.

"Tazama hapa, dada yangu. Tisini na sita, tisini na sita, halafu dakika moja tu, thelathini na nane. Bangili zimelikamata tukio lenyewe. Mwanadamu asingeliona."

Akanieleza kwamba moyo ulichoka ghafla, damu haikufika kichwani vya kutosha, na ndiyo maana mkono uliokuwa umepona sasa umelala tena. Aliamini kwamba yote tuliyoyapata kwa miezi mitatu yamepotea katika dakika hiyo. Akaniomba nisikate tamaa. Akasema angeomba ruhusa ya kuwaonyesha madaktari wenzake mstari ule, kwa sababu hajawahi kuona mgonjwa wa nyumbani aliyefuatiliwa kwa uaminifu kama huyu. Vidonge vikasimamishwa. Siku ya tatu mavyaa akafungua macho na kuomba uji wa mchele.

Siku hiyohiyo nilitapika mlangoni mwa wodi. Muuguzi mmoja akanipeleka kupimwa, akarudi anatabasamu, akatangaza kwa sauti wodi nzima isikie kwamba bibi anapata mjukuu. Wagonjwa wakapiga makofi. Mavyaa akafunika uso kwa mkono wake mmoja akalia. Elyor akapigiwa simu palepale. Hayo ndiyo uliyoyasikia huko, na ndiyo yaliyomliza mama yetu.

Sasa, dada, soma polepole, kwa sababu hili sijamwambia mtu.

Wodini walipopiga makofi mimi nilijifanya kushangaa. Nilikuwa nimejua kwa siku kumi na nne. Tarehe 5 Februari, kwa kuwa nilikuwa nachoka na damu haijaonekana tangu Elyor aondoke, nilikwenda kwa mkunga wa zahanati yetu. Alinipima, akanishika kifundo cha mkono, akahesabu. Akaniambia nisishtuke moyo ukienda mbio, unafanya kazi ya watu wawili. Nilimshukuru, nikaweka karatasi ya kipimo mfukoni, nikatoka. Nilifika kwenye duka la vyungu nikasimama. Nilikuwa nimezivaa bangili. Moyo uliokuwa unamtia hofu Ulmas ulikuwa wangu, na dawa ya moyo wangu alikuwa anaimeza mavyaa, viwili kila asubuhi, siku ya nne sasa.

Nakuapia niliondoka pale nikikimbia. Nilitaka kumwambia kila kitu. Nilitaka apigiwe simu Ulmas, aibu iwe yetu sote, na nimwambie kwamba shamba lake la mawe limeota. Nilikuwa na furaha, dada. Nilikuwa nimemsamehe tayari, njiani, kabla sijafika.

Nikavua viatu mlangoni. Mavyaa alikuwa chumbani akiongea na Elyor, simu imewekwa juu ya mto na sauti imefunguliwa kwa kuwa hawezi kuishika na kuvuta blanketi kwa pamoja. Alikuwa anamweleza habari za mwanamke fulani wa Kokand, mjane mwenye watoto wawili.

"Huyo ameshajaribiwa, anazaa. Huyu wako mpe talaka yake arudi kwao."

Nikangoja mume wangu anitetee. Hata kwa uongo. Akasema hivi.

"Nimekusikia, mama. Lakini nani atakuogesha sasa hivi? Mkono umeshafika sabini kwa mia, naona mwenyewe humu. Sikukuu ya Nauruzi ikipita mwezi Machi utakuwa umepona, tutamaliza."

Nilisimama na viatu mkononi. Kwa hiyo kila donge la unga nililokanda tangu Novemba lilikuwa linasogeza talaka yangu. Nilipandisha hesabu zile kwa ustadi wangu mwenyewe, na mume wangu akazisoma kule Kazan akihesabu siku za kunitoa nyumbani kwake. Karatasi ya kipimo ilikuwa mfukoni. Ningeweza kuingia na kuiweka juu ya mto, pembeni ya simu. Ningekuwa nimebaki kwa sababu ya tumbo, kama ng'ombe anavyobakizwa asichinjwe. Sikuingia. Nilikwenda jikoni nikapika supu ya choroko.

Asubuhi yake nikamsalimia kwa kuinama, nikampa chai, nikampa vidonge viwili. Nilijua. Na kesho yake, na keshokutwa, siku kumi na moja. Nilimwona midomo inabadilika rangi. Nilimwona anajishika ukutani. Siku ya tisa aliniomba nimfunike blanketi la tatu, nikamfunika, nikakaa karibu naye nikihesabu mapigo yake kwa kidole, arobaini na tatu, wakati mkononi mwangu bangili zinamwandikia daktari tisini na tano. Usidhani nilikuwa nimechanganyikiwa. Nilikuwa nimetulia kuliko siku yoyote tangu niolewe. Nyumba ilikuwa kimya. Sikuwa nataka afe, au pengine nilitaka, sijajichunguza huko. Nilichotaka kwa hakika ni asubuhi moja asinitukane, na nilizipata asubuhi kumi na moja.

Hakuna atakayejua. Bangili zenyewe ndizo shahidi wangu. Mavyaa anajua kwamba hakuzivaa tangu Elyor aondoke, lakini hawezi kulisema hilo bila kujiaibisha kwa daktari na kwa wanawake wa mtaa mzima. Habari za vidonge hazijui. Anaamini Mungu alimwangusha kwa ajili ya udanganyifu wake. Tuliporudi nyumbani alinishika mkono akasema, "Nilikuonea, mwanangu. Nisamehe." Nikamjibu kwamba nimemsamehe, nikamjazia kikombe. Siku hizi ananiita mwanangu mbele ya wageni. Zabibu kavu ananipa mimi. Mjane wa Kokand hatajwi, na Elyor ananitumia picha za vitanda vya watoto.

Mtoto anatarajiwa mwezi wa nane. Na mavyaa, kwa ajili yake, ameanza mazoezi. Mazoezi ya kweli. Anataka ampokee mjukuu kwa mikono miwili mbele ya watu, kama inavyotakiwa. Bangili sasa anazivaa mwenyewe na hataki kuzivua. Ulmas alinivuta kando juma lililopita akaniambia ukweli. Ule mkono hautarudi tena, muda umepita, na mimi niliye karibu naye ndiye ninayefaa kumwambia kwa upole ili asijitese. Nilimwahidi nitamwambia.

Sijamwambia. Kila siku baada ya chai anauweka ule mkono juu ya meza, mbele ya bakuli la dengu, jasho linamtoka usoni. Anafumba macho kwa jitihada. Mimi nahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, hadi ishirini. Hakuna kinachojongea hata kidogo. Halafu ananiuliza, na mimi namjibu, "Kimejongea, mama. Kidole kile kidogo. Nimekiona." Analia kwa furaha, anabusu vidole vyangu, anaomba tuanze tena. Naanza tena. Ningeweza kumwachisha kwa neno moja, dada, na kila asubuhi naamka nikingoja kwa hamu saa ya mazoezi.

Usinijibu kuhusu hayo. Ukiniandikia kwenye simu, niulize tu habari za tumbo. Mbusu mama mikono yote miwili kwa niaba yangu, na usimwondolee furaha yake. Mwambie nakula vizuri. Shemeji mfikishie salamu, na watoto uwakumbatie mmoja mmoja, hasa yule mdogo ambaye sijamwona. Mavyaa yupo uani hapa karibu, ananiuliza namwandikia nani. Nimemwambia ni wewe, naye anakusalimu sana na kukuombea dua.

Ni mimi mdogo wako,

Muhayyo